Kinachokwisha Kwanza: Miaka Yangu ya Kupika Sabuni Mpanda

Mwezi uliopita binti mmoja wa kikundi cha vijana alinijia nyumbani na kipande cha sabuni ndani ya mfuko wa nailoni. Sabuni ilikuwa ngumu, na ukiikwangua kwa ukucha inapukutika kama chaki. Nikamuuliza alifanyaje. Akasema, "Bibi, niliongeza kostiki kidogo ili ikaze." Nilicheka mpaka akaona haya, ikabidi nimwombe radhi. Sikumcheka yeye. Nilikuwa nimesikia maneno yangu mwenyewe ya miaka thelathini iliyopita yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Aliniomba niwaandikie wenzake ninayoyajua. Sikusoma zaidi ya darasa la saba, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea, na nikikumbuka jambo katikati ya jambo jingine nitaliweka hapohapo. Mtanivumilia.

Nilitoka Mamba, kwetu Mpimbwe, nikaja Mpanda mwanzoni mwa miaka ya tisini kumfuata kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi ya kupakua mizigo ya treni. Ng'ambo ya reli kulikuwa na karakana ya sabuni, banda la mabati lenye masufuria mawili ya chuma makubwa kuliko beseni la kuogea, na mapipa ya mawese yaliyokuja kwa lori kutoka upande wa ziwa. Kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ilikuja kwa treni. Mwenye karakana aliishi Tabora, tulimwona mara chache sana. Aliyeongoza kazi alikuwa Mzee Ndayizeye.

Mzee Ndayizeye alikuwa Mrundi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba. Kabla ya kukimbia kwao alikuwa amefanya kazi kiwandani, akipika sabuni, na hiyo ndiyo mali pekee aliyovuka nayo. Alikuwa mfupi, mkimya, anavaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Siku ya kwanza alinipa kazi ya kufagia. Siku ya pili pia. Siku ya tatu aliniita kwenye pipa la maji akaniambia, "Mwana wanje, kostiki inaingia kwenye maji. Maji hayaingii kwenye kostiki. Sema." Nikasema. "Sema tena." Alinisemesha asubuhi nzima. Mwana wanje kwa lugha yao ni mwanangu, na aliniita hivyo mpaka mwisho. Nyie nanyi semeni hivyohivyo kabla hamjagusa chochote, maana ukimwagia maji juu ya kostiki inaruka usoni, na jicho halishonwi.

Kanuni yake ilikuwa moja: kilo moja ya kostiki kwa kilo saba na nusu za mawese. Hakuwahi kueleza kwa nini. Sabuni ikiiva alichukua chembe, akaiacha ipoe, akaigusisha ulimi. Ikiuma, bado. Ikiwa kimya, tayari. Wageni waliokuja karakanani walidhani tunalishwa sabuni.

Nilikuwa na mwaka mmoja pale alipopata msiba Katumba akaondoka kwa siku tatu. Aliniachia kazi ya sufuria moja. Kostiki kilo kumi alikuwa ameshaipima na kuiweka tayari. Mawese yalitakiwa kilo sabini na tano, lakini lori halikuja, na mimi nilikuwa na sitini tu. Ningeweza kupunguza kostiki. Ningeweza kusubiri. Nilijiambia kwamba kostiki ndiyo inayofanya sabuni iwe ngumu, na sabuni ngumu ndiyo watu wanayoipenda, basi ikizidi kidogo itakuwa nzuri zaidi. Nikaitia yote.

Niwaambie ukweli, ilitoka nzuri. Ilikatika kwa waya bila kuvunjika, ina rangi ya maboga, imekaza. Wenzangu walinisifu. Sikuionja. Niliona kuonja ni mambo ya Mzee, na mimi macho yangu yalikuwa yameshaona. Theluthi yake ikauzwa sokoni kabla hajarudi.

Wiki iliyofuata akaja mwanamume wa Kisukuma na baiskeli, ametoka Kasekese. Hakupaza sauti. Alitoa kipande cha sabuni yetu kwenye mfuko wa koti akakiweka mezani mbele ya Mzee Ndayizeye. Akasema mke wake amejifungua mapacha, amewaogesha kwa sabuni hii siku mbili, na sasa ngozi yao inatoka kwapani na mapajani. Mzee alikichukua, akakigusisha ulimi, akakirudisha mezani taratibu. Kisha akanitazama. Sikuweza kumtazama.

Kesho yake tulipanda lori la mahindi kwenda Kasekese, mimi na yeye.  Tulimkuta Mama Kulwa, ndivyo walivyokuwa wameshaanza kumwita, ameketi mlangoni na watoto wawili wamelazwa juu ya kanga bila kufunikwa, maana nguo ikiwagusa walilia. Doto ndiye aliyeumia zaidi. Mapaja yake yalikuwa mekundu kama nyama. Nilianza kulia, na Mzee akaweka mkono wake mbele yangu, siyo kunibembeleza, kunizuia.

"Mama," akasema, "mimi ndiye mkuu wa karakana. Sabuni ile ni yangu. Nimekuja kukuomba radhi, na kuwapeleka watoto hospitali kama baba yao ataruhusu."

Mama Kulwa alimtazama. "Uliipima, mzee?"

"Haikupimwa vizuri."

"Basi siku nyingine pima," akasema. Halafu akamnyanyua Doto, akampa Mzee ambebe.

Watoto walipona. Nawaambia mapema msikae na wasiwasi. Ilichukua wiki kadhaa, ngozi ikarudi. Lakini tulipokuwa tunarudi Mpanda, Mzee ndipo aliponiambia, "Hii nimeibeba mimi. Ya pili utabeba mwenyewe." Nilifanya kazi ile miaka mingi baada ya hapo, na sikuwahi kupata kemeo lililonifaa kuliko hilo.

Sasa zile theluthi mbili za sabuni zilizobaki tukazirudisha sufuriani kuziyeyusha. Mzee alijua dawa yake ni mawese zaidi, ili yaile ile kostiki iliyobaki, lakini hakujua kiasi gani. Akawa anatia kikombe, anakoroga, anaonja, anatia kikombe. Wakati huo akaingia mwalimu wa kemia wa sekondari, Mwalimu Rehema. Alikuwa binti mdogo, ndiyo kwanza ametoka chuo, na alikuja kuomba kostiki kidogo kwa ajili ya majaribio ya wanafunzi kwa sababu maabara yake ilikuwa na chupa tupu na mende. Akasimama akatuangalia.

"Mlitia kiasi gani mwanzo?" akauliza.

Nikamweleza. Kostiki kumi, mawese sitini, kanuni ya Mzee, na theluthi iliyouzwa. Akachukua kipande cha mkaa akaandika kwenye bati la ukuta. Haikumchukua hata dakika mbili.

"Mlipungukiwa mawese kilo kumi na tano. Theluthi imeondoka, basi iliyobaki inadai kilo kumi."

 Mzee aliendelea na vikombe vyake. Lakini mimi nilikuwa nahesabu vikombe, na ulimi wa Mzee ulipotulia, mawese yaliyokwisha kuingia yalikuwa kilo kumi, labda na kikombe kimoja juu. Niliona amelitazama lile bati.

"Mwalimu," nikauliza, "ulijuaje?"

Akaniuliza swali badala ya kunijibu. "Dada, ukiwa na fremu kumi za baiskeli na magurudumu kumi na mawili, utaunda baiskeli ngapi?"

"Sita."

"Kwa nini siyo kumi?"

"Magurudumu yamekwisha."

"Ndiyo hivyo. Kinachokwisha kwanza ndicho kinachosema utapata sabuni kiasi gani. Kingine chote kinabaki kinakaa humo ndani, hakina mwenzake. Mawese yalikwisha kwanza. Kostiki ikabaki."

Mzee Ndayizeye akaongea akiwa bado amempa mgongo. "Na fremu zilizobaki ndizo zilizomchoma mtoto."

"Ndiyo, mzee," Mwalimu Rehema akasema. Hakujua habari ya Kasekese, alidhani ni mfano tu.

Nyie vijana mkisahau mengine yote, shikeni hilo. Watu wengi huangalia kilicho kingi ghalani, wanajiona matajiri. Mpishi wa sabuni anaangalia kitakachokwisha kwanza. Ndiyo maana kanuni ya Mzee ilikuwa inaacha mawese yazidi kidogo: mawese yakizidi, sabuni inakuwa laini kwenye ngozi tu, hakuna anayeumia. Kama ni lazima kitu kimoja kibaki, chagua kile ambacho kikibaki hakimdhuru mtu.

Tangu siku ile nilikuwa nikienda kwa Mwalimu Rehema Jumamosi mchana. Yeye alipata kostiki yake kwa idhini ya Mzee, mimi nikapata madaftari na somo. Alinifundisha kupima ukali wa maji ya kostiki kwa asidi na yale matone yanayogeuka rangi ya waridi. Siku ya kwanza nilipoona maji meupe yamekuwa waridi halafu tone moja tu la asidi likayafuta, nilimwomba arudie mara tatu. Nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na mitano na nilishangilia kama mtoto aliyepewa puto.

Mzee yeye hakutaka. Alikuwa na ulimi wake, na alikuwa na yai. Yai bichi ukiliweka kwenye maji ya kostiki yenye nguvu linaelea, likizama bado maji ni dhaifu. Alisema yai halihitaji kwenda shule.

Hapa nichomeke jambo la wifi yangu. Siku moja nilikosa chombo cha kuchanganyia, nikaazima sufuria yake ya alumini, mpya, zawadi ya harusi. Nikaweka maji ya kostiki humo. Ikaanza kuchemka yenyewe bila moto, inafoka mapovu, nami nikafurahi kuwa kostiki ni kali. Nilipomwaga, kitako cha sufuria kilikuwa kama chujio la chai. Wifi yangu hakuongea nami mpaka Pasaka. Chuma, udongo, plastiki nzito, hivyo ndivyo vyombo. Alumini waachieni wapika wali.

Narudi kwenye habari yangu. Miaka kadhaa baadaye, bado ni miaka ya tisini hiyohiyo, ikaja mvua ambayo watu wa rika langu hawakuwahi kuiona. Maji yalikata reli kati yetu na Kaliua. Treni haikuja wiki moja, mbili, mwezi. Kostiki yetu ilikuwa Tabora, na haikuwa na njia ya kufika. Mawese tulikuwa nayo, mapipa kumi yamepangwa uani, maana lori la mwisho lilikuwa limetangulia mvua. Nilikuwa nikiyapita yale mapipa kila asubuhi nikikumbuka fremu za baiskeli.

Kisha watu wakaanza kuhara. Vyoo vilifurika, visima vikaingiwa na maji machafu. Wodi ya hospitali ikajaa, wakafungua nyingine kwenye darasa. Asubuhi moja akaja Sista Leokadia, muuguzi mkuu, viatu mkononi na matope mpaka magotini. Alikuwa mwanamke wa Kifipa mwenye sauti ya chini, ambaye ukimkuta njiani ungesema hajawahi kuwa na haraka maishani.

"Mzee Ndayizeye, nimekuja kuomba sabuni."

"Sista, iliyokuwepo ulichukua wiki iliyopita."

"Imekwisha. Wauguzi wangu wananawa kwa majivu. Wawili wameshalazwa kitanda kimoja na wagonjwa wao." Akayatazama mapipa uani. "Na haya?"

"Haya ni mawese. Mawese peke yake ni ya kuungia mboga, Sista. Kostiki imekwisha."

Sista akaketi juu ya gogo, kwa mara ya kwanza nikamwona amechoka. Hakubishana. Alikaa kidogo, akavaa viatu, akaondoka. Hilo ndilo lililotuuma zaidi, kwamba hakubishana.

Mchana ule nikaenda kwa Mwalimu Rehema. Shule ilikuwa imefungwa, yeye alikuwa ameketi barazani anasahihisha madaftari. Nikamweleza. Akaniuliza ghalani kuna nini kingine. Nikamwambia kuna magunia ya magadi soda, yale tuliyokuwa tukichanganya kidogo kwenye sabuni ya kufulia ili ing'arishe. Akaweka kalamu chini.

"Chokaa ipo mjini?"

"Ya kupaka nyumba ipo tele. Nani atapaka nyumba kwenye mvua hii?"

"Basi kostiki ipo," akasema. "Haijatengenezwa tu."

Alituonyesha kesho yake. Unayeyusha magadi kwenye maji, unatia chokaa iliyozimwa, unachemsha na kukoroga. Vinabadilishana wenzi: kostiki inabaki kwenye maji, na ile chokaa inakuwa kitu kingine, masimbi meupe, mashapo yanayozama chini kama unga. Akatupa vipimo, akarudi shuleni kwa sababu aliitwa. Sisi tukaanza.

Mzee akataka maji makali tangu mwanzo, tusipoteze kuni. Kwa hiyo tukatia magadi mengi kwenye maji machache. Tukachemsha, tukaacha yatulie, akaleta yai. Likaelea juu kabisa, limetoa kichwa. Mzee akatabasamu, jambo ambalo halikutokea kila mwezi. Tukachukua pipa zima la mawese tukapika.

Haikushika. Tulikoroga mpaka mikono ikafa ganzi. Ilibaki ujiujiuji wa rangi ya chungwa, mafuta yanaelea juu, na ukichukua mkononi inateleza kama utumbo wa samaki. Pipa zima. Wenzetu wawili waliokuwa wakikoroga wakaweka miti chini wakatoka nje. Mzee alisimama pale na yai lake mkononi.

Mwalimu Rehema aliporudi hakutulaumu. Aliomba ndimu. Akakamua kadhaa kwenye kikombe, akadondoshea maji yetu kidogo ndani ya ile ndimu. Ikatoa povu kama soda iliyotikiswa.

"Mnaona? Magadi ndiyo yanayotoa povu. Kostiki haitoi. Kwenye maji yenu bado kuna magadi mengi, na magadi hayapiki mawese."

"Yai limeelea," Mzee akasema.

"Yai linajua kwamba maji ni mazito, mzee. Halijui yamezitishwa na nini."

Mzee akalitazama yai kama mtu aliyedanganywa na rafiki.

Nikauliza kwa nini magadi yasiishe wakati chokaa ilikuwa ya kutosha, tena imezidi. Kinachokwisha kwanza ni magadi, sivyo alivyonifundisha? Nilikuwa nimekasirika kidogo, niliona kanuni yangu imeniangusha.

Akasema kanuni ile ni ya kweli, lakini kuna kazi nyingine hazina mlango mmoja. Magadi na chokaa vinakuwa kostiki na masimbi. Lakini kostiki na masimbi navyo vinaweza kugeuka, vikarudi kuwa magadi na chokaa. Vyote viwili vinatokea kwa wakati mmoja ndani ya sufuria moja. "Mwanzo wanaokwenda ni wengi. Kadiri kostiki inavyojaa, wanaorudi wanaongezeka. Wakifika kulingana, ukitazama utasema kazi imesimama. Haijasimama. Wanakwenda na wanarudi sawasawa. Huo ndio msawazo." Na maji yakiwa machache na makali, akasema, kostiki inabanana mapema, wanaorudi wanakuwa wengi mapema. Tuongeze maji mara tatu.

"Tutapata maji dhaifu," Mzee akasema.

"Dhaifu, lakini ya kostiki. Kuyakaza ni kazi ya baadaye."

Tukatia maji mara tatu. Nilichemsha mwenyewe. Ndimu ikatoa vipovu viwili vitatu vya uvivu, basi. Nilifurahi nikataka kumaliza haraka. Sista alikuwa amemtuma mtu asubuhi kuuliza kama kuna habari yoyote. Kwa hiyo sikungoja masimbi yatulie, wala sikuhamisha maji. Nilichochea moto chini ya sufuria ileile, maji yapungue, yakaze. Yalipofika theluthi nikapima kwa ndimu tena.

Povu.

Nilikaa chini. Nilidhani nimekosea ndimu, nikakamua nyingine. Povu tena. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba Mzee alipokuja sikumsikia, nilimwona tu amechuchumaa karibu yangu. Nikamwambia, "Kostiki imerudi kuwa magadi. Niliikaza masimbi yakiwa humo ndani. Imegeuka ikarudi nyumbani."

Alifikiri. "Kama masimbi yasingekuwepo, ingerudi na nani?"

Tulitazamana. Yule aliyekataa somo ndiye aliyeliona. Kostiki haiwezi kurudi peke yake, inahitaji masimbi ya kurudi nayo. Ukiyaacha yatulie, ukachota maji safi ya juu, ukayachuja kwa shuka ya pamba na kuyaweka chombo kingine, hapo unaweza kuyachemsha mpaka yakaze kama asali na hayana njia ya kurudi.

Tukafanya hivyo. Kuni zilikuwa mbichi, kila mtu alikuwa na macho mekundu ya moshi. Kaka yangu na wenzake wa stesheni, ambao hawakuwa na treni ya kupakua, walituletea mbao za makreti yaliyovunjika. Siku ya tatu nikayapima maji kwa matone ya waridi ya Mwalimu Rehema, nikapata ukali wake, nikapiga hesabu ya mawese mwenyewe kwenye lile bati la ukutani. Mzee alisimama nyuma yangu. Tukamimina.

Mlioshuhudia sabuni inaposhika mnajua. Mafuta na maji vinazungukana vimekasirikiana, halafu ghafla mti wa kukorogea unakuwa mzito, na nyuma yake unaacha mfereji usiofunga. Mmoja wetu akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa Kirundi, wengine wakaitikia. Mzee akachukua chembe, akaipoza, akaionja. Akakaa nayo muda mrefu kuliko kawaida. Akanipa na mimi. Ilikuwa kimya.

Haikuwa sabuni nzuri. Ilikuwa na madoa, na ililainika upesi ikikaa majini. Hatukungoja hata ikauke. Tuliipeleka hospitali kwa toroli ikiwa bado na uvuguvugu, mapande makubwa, Sista akayakata kwa kisu cha mkate. Mle wodini akamwita muuguzi mmoja, akamnawisha mikono kama unavyomnawisha mtoto, vidole kimoja kimoja, huku akilia bila sauti. Hatukujua tusimame wapi.

Sitasema sabuni yetu ndiyo iliyomaliza kuhara. Visima vilitiwa dawa, watu wakachemsha maji, mvua ikapungua. Lakini tulipika kila siku mpaka treni ilipofika, na Sista aliniambia kwamba tangu sabuni ya kwanza hakuna muuguzi wake mwingine aliyelazwa. Hilo nimelibeba maisha yangu yote.

Watu huniuliza kama sijutii kwamba sikusoma. Nilisoma. Nilifundishwa na mama aliyempa mgeni mtoto wake aliyeungua, na mwalimu aliyekuja kuomba kostiki akaacha elimu, na mtu asiye na kwao aliyebeba kosa langu mbele ya watu. Nyie mna intaneti. Naombeni mpate na watu pia.

Kostiki ilipofika kwa treni ya kwanza, tuliishusha, tukapanga magunia, kazi ikarudi kama zamani. Jumamosi ile nilikuwa najiandaa kwenda kwa Mwalimu Rehema, Mzee Ndayizeye akaja mlangoni kwangu. Alikuwa amevaa shati la kwenda kanisani. Mkononi alishika daftari jipya la kurasa themanini na kalamu mbili, moja ya akiba.

"Nimepika sabuni zaidi ya miaka thelathini," akasema. "Najua inavyofanyika. Sijui kwa nini." Akavua kofia. "Huyo mwalimu wako, anapokea wazee?"

Nikamwambia tuondoke, tutachelewa.